Nani Mwingine Yuko Hapa Juu?

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba hivi, hewa ya Mombasa huwa na utusitusi mweupe wa joto ambao aliye chini hautambui. Ukiwa ufukweni Nyali utaapa kwamba kumetakata. Panda mpaka futi 1,000 juu ya Likoni, geuza pua ya ndege mashariki saa mbili asubuhi, na utakuta bahari, mbingu na mng'ao wa jua vimechanganyika, huoni kinapoishia hiki na kinapoanzia kile. Ndege inayokujia kutoka upande ule haina umbo. Ni mstari mwembamba wa mabawa na kidoto katikati, na kidoto chenyewe hakisogei kiooni.

Hilo la kutosogea ndilo ningependa kila mwanafunzi wa urubani alielewe mapema. Ndege inayohama kiooni, kutoka kushoto kwenda kulia, inakupita. Ile iliyotulia mahali pamoja huku ikikua ndiyo mnayoelekea kukutana nayo, na jicho la binadamu limeumbwa kuvutiwa na kinachotembea. Kwa hiyo ya hatari ndiyo isiyovuta macho.

Mimi hurusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ya tajiri mmoja wa hapa mjini. Safari zetu ni za kawaida: Diani, Malindi, Lamu, na mara nyingine wageni wake wanaotaka kuiona miamba ya matumbawe kutoka juu. Watu wengi wameniuliza kuhusu kisanduku cheusi kilichobanwa kwenye dirisha langu la nyuma, wakiwemo vijana wa Changamwe wanaopenda kutazama ndege zikishuka. Nimeona niandike kwa kirefu, maana jambo lenyewe linaniuma.

Kisanduku kile ni kipokezi. Ndege yenye ADS-B hujitangaza yenyewe: huchukua mahali ilipo kutoka setilaiti za GPS, kisha hurusha habari hiyo kwa mawimbi ya megahezi 1090, takriban mara mbili kila sekunde, bila kuulizwa na mtu. Niko hapa, kimo changu hiki, naelekea huku, kasi yangu kadhaa. Kipokezi kinanasa maneno hayo na kuyapeleka kwa Wi-Fi kwenye tableti iliyo pajani pangu. Pale natazama ramani, ndege yangu ikiwa katikati, na wengine wameizunguka. Nikiona alama yenye +03 na mshale wa chini, nafahamu kwamba yuko futi 300 juu yangu naye anashuka. Hapo tena siitazami tableti, nautafuta upande ule kwa macho.

Kusikia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni wewe kusikika, na hapo ndipo penye gharama, kwa sababu kunahitaji transponda (kifaa cha redio cha ndege kinachoijibu rada) ya kisasa iliyounganishwa na GPS inayokubalika, ifungwe na fundi mwenye leseni, na iwekewe namba ya utambulisho ya biti 24 ambayo mamlaka ya usafiri wa anga imeipa ndege ile na si nyingine. Nilipompelekea tajiri hesabu alivua miwani.

"Mwanangu, redio si iko?"

"Iko, Mzee."

"Na macho si unayo?"

Sikumbishia. Nilimkumbusha tarehe 5 Machi 2024. Siku ile Dash 8 ya abiria iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja huku kwetu Diani, ikagongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Waliokuwa ndani ya Dash 8, watu 44, walirudi Wilson wazima. Mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Sababu ni kazi ya wachunguzi, na mimi sitazitia maneno yangu. Nilimwambia tu kwamba ndege ile ndogo ni aina moja na yake, na kubwa ilikuwa inakuja Pwani, na kwamba wote wale walikuwa na redio na macho.

Kisha nikampigia hesabu, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu. Mamlaka ya anga ya Marekani, katika waraka wake wa kuwashauri marubani, hukadiria sekunde 12.5 tangu jicho lione kitu mpaka ndege ianze kweli kukwepa. Sehemu kubwa ya muda huo huliwa na akili: sekunde 5 kutambua kwamba mnaelekeana, na 4 za kuamua ugeuke wapi. Mkono wenyewe hauhitaji hata nusu sekunde. Basi chukua Cessna mbili, kila moja ikienda noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, uso kwa uso. Zinakaribiana kwa mita 103 kila sekunde. Katika sekunde 12.5 zimekula karibu mita 1,300. Maana yake, usipokuwa umemwona yule mwenzako akiwa mbali zaidi ya kilomita moja na robo, katika mng'ao niliouelezea hapo juu, umechelewa. Caravan, ndege ya abiria wachache, hukimbia zaidi ya hapo, na Dash 8 zaidi ya Caravan.

Mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza fundi anapatikana lini. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Sasa niseme juu ya kifaa chenyewe kilivyo kwa mtu anayeishi na joto letu. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Tableti ukiiweka juu ya dashibodi mwezi wa Februari, jua likiipiga kupitia kioo cha mbele, itajizima yenyewe kwa joto kabla hujafika Mtwapa, na huzima wakati unaoihitaji zaidi, yaani ukipanda kutoka Mombasa na kuingia njia ya pwani. Iweke pajani, kivulini, isiwe na kifuniko cha ngozi, na skrini isiwake kupita kiasi. Kipokezi nacho nimekitoa dirisha la mbele. Mwili wa ndege ni bati, na bati huziba mawimbi, hata mwili wa abiria huyapunguza. Kikiwa kwenye dirisha la kulia mbele hakikuwa kikisikia vizuri walio kushoto nyuma, ambao ndio nisiowaona kwa macho. Nikajaribu hapa na pale, nikatua kwenye dirisha la nyuma na antena ya pili upande wa pili. Kila ndege ina kona zake za uziwi, na njia ya kuzijua ni kumwomba rafiki akuzunguke kwa mbali na kwa mpango, huku msaidizi akiandika wakati alama inapopotea.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ndege yenye transponda ya kawaida isiyo na ADS-B hujibu rada na hutaja kimo chake, lakini haisemi iko wapi. Vifaa vingine hupima nguvu ya wimbi vikakisia umbali, kisha vikakuchorea duara kukuzunguka: yuko ndani ya hapa, kimo sawa na chako, upande haujulikani. Duara lile hunikaza misuli kuliko alama yoyote. Likitokea, navunja ukimya wa redio mara moja, nasema nilipo, kimo changu na niendako, na kubadilisha kimo ikiwa naweza. Kubadilisha kimo ni dawa nzuri, kwa sababu huku chini sote tunapenda namba zinazoishia kwa elfu au mia tano. Nenda njia ya pwani Jumamosi yoyote utakuta kila mtu yuko futi 1,000 au 1,500, wote juu ya ukingo uleule wa miamba kwa kuwa abiria wanataka picha. Mimi hukaa 1,300. Na hufuata desturi ya zamani ya kuuacha ufuo kushoto kwangu: nikienda Diani nipite upande wa nchi kavu, nikirudi kaskazini nipite upande wa bahari. Abiria hunung'unika wakati wa kwenda, wakati wa kurudi wakafurahi.

Wanaonikera kweli ni wale wenye transponda nzima na wanaizima, ama kwa kuona kwamba hapa chini rada haiwafikii, ama kwa mazoea ya miaka. Ndege kubwa ya abiria ina mtambo wa TCAS, na mtambo ule hauitegemei rada ya chini. Wenyewe huuliza transponda za walio karibu na kumpa rubani amri apande au ashuke. Ukiwasha transponda yako pamoja na kimo, rubani wa Dash 8 atakujua hata kama wewe humjui. Ukiizima, umemnyima macho mtu mwenye abiria wengi mgongoni. Sioni hoja yoyote ya kutetea hilo.

Ami yangu alikuwa nahodha wa tagi pale Kilindini. Nilipomwonyesha tableti hakushangaa, maana meli zilitangulia. Meli za safari za kimataifa zenye tani 300 na zaidi hulazimika kubeba AIS, inayotangaza jina, mahali na mwendo wa meli kwa redio, na sheria hiyo ilikwisha kuenea mwaka 2004. Ami aliitumia mlangoni mwa bandari, pale feri za Likoni zinapokatiza njia ileile ya meli. Aliishika tableti akaitazama sana, kisha akaniambia, "Nzuri, mwanangu. Lakini mvuvi wa ngalawa hamna humu." Hakika hamna. Angani nao wapo: ndege nyepesi sana za kujifurahishia, miavuli ya wanaoruka kutoka ndegeni Diani, droni za wapiga picha za harusi, na kunguru wa Mombasa, ambao hawana mpango wa kununua transponda. Skrini tupu haina maana kwamba anga ni tupu. Ina maana kwamba hakuna aliyejitangaza akasikika.

Kwa ajili hiyo natamani viwanja vidogo vya Pwani, vile visivyo na mnara wa kuongozea ndege, viwe na skrini yao. Si mtambo mkubwa. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye USB, antena juu ya mlingoti, na waya mfupi kadiri inavyowezekana, kwani waya mrefu hunywa wimbi. Mawimbi haya huenda mnyoofu, kwa hiyo urefu wa mlingoti ndio kila kitu. Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi, pasipo kizuizi, inaweza kumsikia aliye futi 1,000 kwa zaidi ya maili 40 za baharini. Minazi, majengo na vilima hupunguza.

Kwenye kiwanja kimoja cha kusini nilizungumza na mzee anayekisimamia, mtu makini ambaye kila mara tunamkuta amekwisha kufagia changarawe kabla hatujafika. Yeye alitaka skrini ili awaambie marubani, "Wewe geuka kushoto, wewe ngoja." Nilimwomba asifanye hivyo, na hapo nilisisitiza. Mwongoza ndege husomea, hupewa leseni, na rada yake hukaguliwa. Skrini yetu inaweza kuchelewa, inaweza kumkosa mmoja, na mtu akitoa amri kwa picha yenye pengo, anaweza kumtoa rubani mahali salama na kumpeleka alipo yule asiyeonekana. Anachoweza kusema kwa usalama ni habari: "Naona kama kuna mmoja maili sita kaskazini yako, anakuja." Uamuzi ubaki kwa rubani.

"Sasa mimi itanifaa nini?" akaniuliza.

Itakufaa kujua kwamba ndege iko dakika kumi kutoka hapa, Mzee wangu, ndipo umtume kijana akafukuze mbuzi na nyani njiani na kuwatoa watoto wa shule wanaokatiza. Itakufaa kuwasha gari la zimamoto mapema. Na ndege ikichelewa kufika, kumbukumbu ya mahali iliposikika mara ya mwisho itawapa watafutaji pa kuanzia, badala ya kutafuta kutoka Vipingo mpaka Shimoni. Alilipenda hilo la mwisho kuliko yote. Mlingoti tayari anao, ule wa mfuko wa upepo, lakini tumekubaliana antena isimamishwe kwenye mlingoti mwingine, mbali kidogo, ili isije ikauzuia mfuko.

Vijana wa Changamwe huniuliza kwa nini nisitumie Flightradar24 ya simu tu. Ni programu nzuri, nami huitumia nyumbani. Lakini huokota habari kupitia vipokezi vya watu walio ardhini na intaneti, kwa hiyo hukawia, na ndege iliyo chini mahali pasipo kipokezi haionyeshi. Tena ukishapita Kipini kuelekea Lamu mtandao wa simu angani ni wa kubahatisha. Kipokezi changu husikia ndege yenyewe, pasipo mtu katikati.

Kama unarusha ndege hapa Pwani, nina ombi. Niandikie una kifaa gani, kinatangaza au kinasikia tu, na umekifunga wapi. Nataka tukubaliane siku moja kabla kusi haijaingia, tupite Mombasa hadi Malindi kila mmoja kwa kimo chake, tuandike nani alimwona nani na kwa umbali gani. Wenye transponda za zamani mje pia, na wasio na chochote zaidi ya redio ndio nawahitaji zaidi.