Flashi nyuma ya kinga

Mvua ya mwezi wa kwanza hapa Lubumbashi haipigi hodi. Asubuhi jua linachoma, saa nane mawingu yamesimama upande wa Kipushi, saa tisa barabara ya udongo imegeuka mto mwekundu na kila mtu amekimbilia chini ya mabati. Hapo ndipo mimi natoka nyumbani na kamera, flashi mbili, furushi la sashe za plastiki, na mdogo wangu ambaye kazi yake ni kushika mwanzi.

Natoka kwa ajili ya watu wa makala, yaani makaa ya kupikia. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa: umeme unakatika, na bukari ya jioni, ugali wetu, inapikwa juu ya mbabula, jiko la makaa. Makala ya mbabula hizo mengi yanaingia mjini juu ya kinga, ndilo jina letu la baiskeli. Kinga moja mifuko miwili, mara nyingine mitatu, mirefu kuliko mwenye kuipanda, imefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi na kuzibwa mdomoni kwa majani. Mlimani anasukuma, mteremkoni anapanda. Wengine wametoka porini usiku wa manane. Mvua ikiwakuta njiani hawasimami, maana makala yakilowa yanakuwa mazito, na hakuna mama atakayenunua makala yasiyoshika moto.

Msimu wa kwanza nilifanya kama ninavyofanya harusini. Flashi juu ya kamera, mimi pembeni ya barabara, namsubiri mtu aje mbele yangu. Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba wa watu, akateremka na mifuko mitatu, nikabonyeza. Mwanga ukampiga usoni, gurudumu la mbele likayumba, akaingia mtaroni na mzigo wake. Mfuko mmoja ukapasuka, makala yakaanza kuelea kwenye maji mekundu. Nilimkimbilia huku natetemeka. Hakunitukana. Alikaa chini, akafumba macho, akasema, "Mwana yangu, iyo moto iliniingia mu macho. Minaona mweupe tu."

Nilimsaidia kuinua kinga, nikanunua mfuko ule wote kwa bei aliyotaja. Tuliyaanika yale makala nyuma ya nyumba siku nyingi. Kila nilipoyapita nilisikia aibu, na mpaka leo nikisimulia bado naisikia. Mtu aliyebeba chakula cha watoto wake kwenye utelezi hana nafasi ya kupofushwa hata nusu sekunde.

Na picha yenyewe ilikuwa bure. Papa alionekana kijivu kwa mbali, na mbele yake madoa meupe makubwa, kama mtu amemwaga unga hewani. Yalikuwa matone ya mvua. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Tone lililokuwa nusu mita kutoka kwenye flashi, na papa aliyekuwa mita 4, wanapishana umbali mara 8. Kwa hiyo tone lilipata mwanga mara 64 zaidi yake. Flashi ya usoni inamulika mvua iliyo karibu na pua yako, na mtu unayemtaka anabaki gizani.

Nilikaa wiki nzima bila kugusa flashi. Nikajaribu kupiga bila mwanga wowote, kamera imesimama, 1/30 ya sekunde, kwa sababu chini ya mawingu yale huwezi kwenda haraka zaidi. Zile picha zilinifundisha kitu kimoja ninachokipenda sana. Tazama gurudumu linalobingirika: spoki za chini, karibu na udongo, zinasomeka, za juu zimeyeyuka kabisa. Pale tairi linapogusa ardhi halisogei, na juu kabisa linakwenda mara mbili ya mwendo wa kinga. Nilikuwa nimeona magurudumu maisha yangu yote bila kulijua hilo.

Lakini mtu mwenyewe alikuwa ukungu. Kinga inayoteremka kwa kilomita 18 kwa saa inakwenda mita 5 kila sekunde. Katika 1/30 imesogea kama sentimita 17, uso mzima umefutika. Hapo flashi inahitajika, ila si kwa nguvu kamili, kosa ambalo nalo nililifanya. Flashi ndogo kama zangu haziwaki kwa ukali zaidi zikipewa nguvu, zinawaka kwa muda mrefu zaidi. Kwenye nguvu kamili mwako unaweza kufika 1/300 ya sekunde hivi, na kinga imekwisha kusogea zaidi ya sentimita moja na nusu. Ukishusha hadi 1/16 ya nguvu, mwako unakuwa mfupi sana, sehemu moja ya elfu kadhaa ya sekunde. Chukua 1/5000: kinga imesogea milimita moja. Mwanga ni mdogo, kweli, kwa hiyo flashi lazima ikae karibu, na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipande hadi 800. Sijutii chembechembe zinazotokea pichani. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT kule Marekani, alijenga jina lake juu ya mwako mfupi wa namna hiyo tangu miaka ya 1930, na mwaka 1957 alipiga tone la maziwa linaloruka kama taji. Yeye alikuwa na maabara kavu. Sisi tuna mtaro.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Baada ya yule papa nilijiwekea sharti: mwanga wangu hautaingia tena machoni mwa mtu anayeendesha. Kwa hiyo mdogo wangu husimama ng'ambo ya barabara na mwanzi, flashi iko juu yake, na mimi sibonyezi mpaka gurudumu la mbele limekwisha kumpita. Mwanga unatoka nyuma ya mpandaji, kwa ubavu, unampiga kisogoni, mgongoni, kwenye ukingo wa mifuko. Flashi ya pili iko chini upande wangu, kimo cha goti, inatazama gurudumu la nyuma peke yake. Niliamini nitapoteza picha nzuri kwa ajili ya heshima, na nilikuwa tayari kuzipoteza.

Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha kamera nilimwita mdogo wangu kwa sauti. Mvua ilikuwa inaonekana! Yale matone yaliyokuwa madoa ya unga sasa yalikuwa shanga, kila moja na mwanga ndani yake, kwa sababu maji yanapenda kumulikwa kutoka nyuma. Maji yaliyorushwa na tairi yalisimama kama mkia wa jogoo. Mabega ya mpandaji yalichorwa mstari mweupe, na mvuke ulikuwa unatoka kwenye shati lake, joto la kazi. Macho yangu yalikuwa hayajauona mvuke ule kwa miaka yote.

Mengine ni ya mikono. Ninaiacha shata, mlango wa mwanga wa kamera, wazi kwa 1/30 ya sekunde na kumfuata mtu kwa kamera, nyumba za nyuma zinakuwa michirizi. Flashi ninaiweka iwake mwishoni, pazia la pili la shata linapotaka kufunga, ili ukungu wa mwendo ubaki nyuma ya kinga. Ikiwaka mwanzoni, ukungu unatangulia mbele na mtu anaonekana kama anarudi kinyumenyume. Ukiikuza picha unaona hata mvua imefuata sheria hiyo: mchirizi hafifu unashuka, na mwisho wake, chini, kishanga kimoja kinachong'aa.

Flashi inavaa sashe, lakini kioo chake kinabaki wazi, maana plastiki ikigusa pale inayeyuka. Ili mwanga usirudi kwenye lenzi nimekata kipande cha bidoni nyeusi, dumu la plastiki, na kukifunga ubavuni mwa flashi. Kadibodi niliijaribu, ilidumu dakika tano. Ndani ya flashi kuna umeme wa mamia ya volti, kwa hiyo ikiingia maji siifungui wala siiwashi. Na radi ikilia, hata kwa mbali, tunashusha mwanzi na kwenda nyumbani. Radi za huku kwetu Katanga zinaua watu. Hakuna picha ninayoitaka kiasi cha kumsimamisha mtoto wa mama yangu uwanjani na nguzo mkononi.

Yule papa alipita tena mwezi wa tatu. Nilimtambua kwa kofia. Nilimsalimia, nikamwonyesha mwanzi uko wapi na mwanga utatokea wapi, nikamwomba ruhusa. Alifikiri, akasema sawa. Alipita mara moja tu.

Wiki iliyofuata nilimngojea na picha mkononi, imechapwa kubwa. Aliegemeza kinga kwenye goti lake na kuitazama kwa muda mrefu. Sikuona akitazama uso wake. Kidole chake cheusi kilikuwa kwenye gurudumu la nyuma, kinapita kwenye spoki moja moja, midomo inahesabu kimya.

"Mbili hazipo," akasema. "Ndiyo maana inalialia."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Aliniomba sashe, akaifunga picha vizuri, akaichomeka kati ya mfuko wa kwanza na wa pili, akakaza mpira juu yake.