Zamu ya Usiku ya Kusaka Nobeliamu

Nobeliamu, elementi ya 102, haichimbwi popote wala haihifadhiki. Usiku ule nilipopangiwa zamu katika kituo cha utafiti cha GSI, Darmstadt, nchini Ujerumani, nikiwa bado mwanafunzi, tulikuwa tunaitengeneza na kupima papo hapo ni rangi ipi ya mwanga inayofyonzwa na atomu zake. Kichapuzi, mtambo wa kuongeza kasi ya chembe, kilikuwa kikivurumisha viini vya kalsiamu-48 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni kwenye kiini), kwa takriban asilimia 10 ya kasi ya mwanga, kwenye tabaka jembamba la metali ya risasi-208. Mara chache sana viini viwili viliungana, vikapoteza nyutroni mbili na kuwa nobeliamu-254. Atomu zilizofika kwenye chombo chetu zilikuwa chache tu kwa sekunde, na nusu yake huoza katika muda wa sekunde 51 hivi.

Swali lililonitinga lilikuwa hili: mwanga unaofyonzwa na atomu chache kiasi hicho utaonekanaje? Mtafiti mwandamizi aliyekuwa nami alinieleza kwamba mwanga hautazamwi kabisa. Atomu zilizotengwa na mkondo wa kalsiamu hupunguzwa kasi ndani ya gesi ya arigoni, kisha hukusanywa juu ya waya mwembamba wa tantalumu. Mkondo unapokatizwa kwa muda, waya hupashwa moto zaidi kidogo ya nyuzi 1000 za Selsiasi, atomu zinavukizwa, na leza mbili zinazikuta zikielea ndani ya gesi: ya kwanza huinua elektroni ngazi moja, ya pili huing'oa. Atomu iliyogeuka ioni huvutwa na uga wa umeme hadi kwenye kigunduzi, nayo ikioza hutoa chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili) yenye nishati ya MeV 8.1, yaani elektroni-volti milioni 8.1, ambayo ndiyo alama yake. Rangi ya leza ya kwanza isipokuwa sahihi, kigunduzi hakipokei kitu.

Wageni wote hukimbilia kutazama leza, na kweli zinapendeza, lakini kwa maoni yangu roho ya mbinu hii ni ule waya. Ukiwa baridi, atomu hubaki zimeng'ang'ania. Ukizidi moto, wenyewe huzinyang'anya atomu elektroni na kutoa ioni ambazo leza hazikuzigusa. Ndiyo maana nilikabidhiwa kazi ya kurekebisha umeme wa waya kidogo kidogo, huku tukiziba leza mara kwa mara ili tuone ni hesabu ngapi, yaani atomu ngapi zinazonaswa na kigunduzi, zinazojileta zenyewe.

Kisha tukaanza kusogeza urefu wa wimbi wa leza ya kwanza, yaani rangi yake. Kwenye skrini kulikuwa na grafu ya nishati iliyokaribia kuwa tupu. Tulipokaribia nanomita 333.8, nguzo ndogo ilianza kuinuka penye MeV 8.1, hesabu moja baada ya nyingine, na kila hesabu ilikuwa atomu moja iliyokufa. Tulipoziba leza, nguzo iliacha kukua papo hapo.

Sisi tulijua mahali pa kutafuta. Waliotutangulia, ambao matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2016, hawakujua. Kiini chenye protoni 102 huzivuta elektroni za ndani kwa nguvu hata zikakimbia kwa takriban robo tatu ya kasi ya mwanga, na hapo hesabu za nadharia, ambazo lazima zizingatie uhusianifu wa Einstein, zilitofautiana kiasi cha kuwalazimu wapekue masafa mapana ya rangi. Uvumilivu huo hausifiwi vya kutosha.

Kulipokaribia kucha tulishapita kilele na nguzo ilikuwa imeshuka. Mtafiti alitaka turudie kwa hatua ndogo zaidi, kwa sababu mahali hasa pa kilele pangelinganishwa na pale pa nobeliamu-252: tofauti hiyo ndogo ndiyo hueleza jinsi ukubwa wa kiini unavyobadilika nyutroni mbili zikipungua. Kwa isotopu hiyo, yaani aina hiyo ya nobeliamu yenye nyutroni pungufu, ingebidi kuweka risasi-206 badala ya 208, na kufupisha sana mzunguko wa kukusanya na kupasha waya, maana nusu ya atomu zake hutoweka ndani ya sekunde 2.4.