Nasaba ya William Marshal Inapita kwa Mabinti

Anayeanza kuufuatilia ukoo wa William Marshal, Erli (mwenye cheo cha juu cha kikabaila) wa Pembroke aliyefariki mwaka 1219 na kuzikwa Temple Church jijini London, kwa kawaida hulishika jina na kushuka nalo kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Njia hiyo haifiki mbali. William aliacha wana wa kiume watano, nao wakarithiana mmoja baada ya mwingine hadi mwisho wa mwaka 1245, bila hata mmoja wao kuacha mrithi halali. Watu wa zama zile waliitaja laana ya Askofu wa Ferns, huko Ireland, aliyekuwa akimdai William ardhi. Laana hiyo nawaachia wanaoipenda.

Mimi nashauri tuifuate ardhi. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mwana wa kwanza wa kiume alichukua urithi wote, lakini pasipokuwa na mwana wa kiume, mabinti waligawana sawa kwa sawa, na aliyekwisha kufa fungu lake lilikwenda kwa watoto wake. Ndiyo maana Leinster kule Ireland, ambayo William mwenyewe aliipata kwa kumwoa Isabel de Clare, mjukuu wa mfalme Diarmait Mac Murchada, iligawanywa mafungu matano mwaka 1247, moja kwa kila binti wa William au uzao wake. Carlow ikaenda kwa Matilda na wanawe wa ukoo wa Bigod, pamoja na cheo cha umarshali katika baraza la mfalme. Kilkenny ikaenda kwa uzao wa Isabel, binti mwenye jina la mama yake, Kildare kwa uzao wa Sibyl, Wexford kwa uzao wa Joan, na Dunamase kwa uzao wa Eva.

Humo ndimo nasaba inamopanuka. Binti wa huyo Isabel mdogo aliolewa na Robert de Brus, na mjukuu wao ndiye Robert Bruce, aliyetawazwa mfalme wa Uskoti mwaka 1306. Binti wa Eva aliolewa na Roger Mortimer wa Wigmore, na kupitia uzao wao damu ya Marshal ikamfikia Mfalme Edward IV. Sibyl ndiye anayemchosha mtafiti, kwani alizaa mabinti saba, na fungu lake likakatwa tena vipande saba, kila kipande kikiingia katika ukoo wa mume mwingine.

Kwa vizazi vilivyofuata, hati ninazoziamini kuliko chati za ukoo zilizochorwa karne nyingi baadaye ni zile za uchunguzi uliofanywa baada ya kifo cha mtu aliyeshikilia ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Wenyeji waliapishwa, wakaeleza marehemu alimiliki nini, alifariki siku gani, na mrithi wake ni nani na ana umri gani. Umri huo usomwe kwa tahadhari: mrithi anapoandikwa kuwa ana miaka 21 na zaidi, mara nyingi maana yake ni kwamba amekwisha kuwa mtu mzima wa kukabidhiwa ardhi, hata kama ana miaka 40.