Mtazame Gadi Kwanza: Kumpima Lainibeka wa Chuo kwa Ajili ya Drafti ya NFL

Kila mwaka ikikaribia Aprili, mwezi wa drafti (timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi kwa raundi), namba za lainibeka, yaani walinzi wanaosimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi, husambaa mitandaoni: huyu kaangusha watu 120 msimu mzima, yule kakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.45. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli na bado zisikuambie lolote. Kazi kubwa ya lainibeka hufanyika kabla hajamgusa mtu, katika ile nusu sekunde ya kwanza mpira ukishaanzishwa. Nusu sekunde hiyo haiandikwi kwenye takwimu. Lazima uitafute mwenyewe kwenye video.

Kabla ya video, jua unamtafutia kazi gani. Zamani walisimama watatu: Maiki katikati, Wili upande mwepesi, Samu upande wenye taiti endi (anayesimama mwishoni mwa mstari wa mbele wa washambuliaji, akizuia na kupokea pasi). Siku hizi washambuliaji hupanga wapokeaji watatu sehemu kubwa ya mechi, kwa hiyo Samu hutolewa na nafasi yake anaingia beki wa tano. Wanabaki wawili. Asiyeweza kukaba pasi atapelekwa benchi kila dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), ambapo pasi ni nyingi, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kuchaguliwa raundi ya kwanza, hata awe anavunja watu mbavu.

Chukua mechi nne au tano. Mbili ziwe dhidi ya wapinzani bora aliokutana nao, moja dhidi ya timu inayopenda kukimbiza mpira kwa nguvu, na moja aliyocheza vibaya. Hii ya mwisho usiiruke, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha makosa anayoyarudia. Vile vipande vya mbwembwe vya dakika tatu achana navyo; humo kila mtu simba. Picha ya televisheni nayo haitoshi, inafuata mpira. Unayoihitaji ni ile ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, na zaidi ile inayopigwa kutoka nyuma ya goli, kwa kuwa hapo unaona kile anachokiona yeye.

Sasa simamisha video kila mkimbiaji anapokabidhiwa mpira, uandike mambo matatu tu: mguu wake wa kwanza ulikwenda wapi, sasa hivi yuko wapi, na kama amekosea, ni macho au ni mwili.

Lainibeka wengi hufundishwa kumsoma gadi (mzuiaji wa mstari wa mbele wa washambuliaji, karibu na katikati), kisha kupitia kwake wamwone mkimbiaji. Gadi akichomoka chini chini kwenda mbele, ni mbio. Akiinua kifua na kurudi nyuma, ni pasi. Akijitoa kwenye nafasi yake akakimbia sambamba na mstari, mpira kwa kawaida unamfuata, na lainibeka naye aondoke mara moja. Msomaji mzuri huwa ameshapiga hatua ya pili kuelekea mwanya wake wakati mpira unabadilisha mikono. Msomaji mzito huchezesha miguu palepale, au anapiga hatua ya uongo: mguu mmoja unarudi nyuma ndipo aende mbele. Hatua hiyo moja inamgharimu yadi nzima, na yadi hiyo inamtosha gadi wa paundi 310 (kilo 140) kumfikia kifuani. Katika mashambulizi 60, hatua za uongo zikizidi kumi ni dosari ya kuandikwa juu kabisa ya ripoti, hata kama siku hiyo aliangusha watu 12.

Kuna mtego hapa, na wengi huingia mkenge. Sheria za vyuo zinawaruhusu watu wa mstari wa mbele kusonga hadi yadi 3 kabla pasi ya kwenda mbele haijarushwa. NFL inaruhusu yadi 1. Kwa hiyo kwotabeka (mrusha pasi) wa chuo anaweza kuwaacha magadi wake waonyeshe mbio waziwazi, akamtazama lainibeka, na huyo akishapanda mbele, akarusha mpira nyuma ya mgongo wa lainibeka. Aliyesoma sawasawa ndiye anayeonekana mjinga. Hapo usimkate alama. Mkate kwenye danganya toto ya kawaida, ile ya kwotabeka kujifanya anakabidhi mpira, endapo lainibeka akishagundua amedanganywa anarudi kinyumenyume huku akiutafuta mpira kwa macho. Anayejua kazi hugeuza kiuno, anakimbia kuelekea kwenye uwazi alioacha, na anamtafuta mpokeaji kwanza.

Kuhusu kuzuiwa, tazama mikono. Je, inafika kifuani kwa gadi kabla ya mikono ya gadi kufika kwake? Mikono mirefu husaidia. Chini ya inchi 31 (sentimita 79) maskauti (watafuta vipaji wa timu) huanza kuguna. Kuna mtindo unaofichwa na takwimu za chuo: kumkwepa mzuiaji kwa kupita nyuma yake badala ya kukutana naye. Chuoni mwenye kasi humzunguka na bado akamdaka mkimbiaji. NFL, akizunguka anauacha mwanya wake wazi, na mkimbiaji anakata kurudi humohumo.

Ukifika kwenye kuangusha, hesabu ni wapi, usiishie kwenye ni wangapi. Kumwangusha mkimbiaji yadi 1 baada ya mstari wa kuanzia mpira na kumwangusha yadi 7 baadaye, takwimu inaandika kitu kimoja. Halafu kuna wale wanaofika wa tatu kwenye rundo na kupewa nusu ya kazi. Waliomponyoka wahesabu pia, na useme kwa nini: alijirusha mapema, aliinamisha kichwa, au miguu ilisimama kabla ya kugusana? Ya mwisho inarekebishika mazoezini. Ya kwanza mara nyingi ni dalili kwamba alichelewa kusoma.

Haimaanishi namba kubwa ni uongo siku zote. Luke Kuechly wa Boston College aliangusha 191 mwaka 2011, na video ilikubaliana na namba. Kwenye majaribio ya NFL kabla ya drafti, huko Indianapolis, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.58, kasi nzuri lakini si ya kutisha, Carolina wakamchukua wa 9 mwaka 2012, na 2013 akawa mlinzi bora wa NFL. Alikuwa anafika mapema kwa sababu alikuwa anaondoka mapema.

Upande wa pili yupo Isaiah Simmons wa Clemson, drafti ya 2020. Futi 6 na inchi 4, paundi 238, sekunde 4.39. Mwili wa namna hiyo hauonekani mara nyingi. Alishinda Tuzo ya Butkus, ya lainibeka bora wa vyuo, ilhali kwenye video utamkuta kila mahali: mbele ya mpokeaji wa ndani, nyuma kabisa kama sefti, pembeni akimvamia kwotabeka, na mara chache tu katikati akisoma magadi. Arizona walimchagua wa 8. Mechi yake ya kwanza, mkimbiaji Raheem Mostert wa San Francisco alipokea pasi na kwenda yadi 76 hadi mwisho wa uwanja. Agosti 2023 aliuzwa kwa Giants kwa chaguo moja la raundi ya saba.

Ukitaka kuhitimisha kwamba mchezaji wa sehemu nyingi hafai, Fred Warner anakukatalia. Naye pale BYU (chuo cha Brigham Young) alicheza zaidi pembeni, akiwakaba wapokeaji wa ndani. San Francisco walimchukua wa 70 mwaka 2018, wakamweka katikati, na msimu huohuo wakampa kofia yenye redio ya kupokea maelekezo ya kocha. Kwa jicho langu tofauti ni hii: Warner alikuwa na nafasi moja aliyoirudia wiki hadi wiki, ukaweza kuona anavyotambua mpangilio uleule kwa haraka zaidi. Simmons alibadilishiwa kazi kila shambulizi, na kazi nyingi kati ya hizo hazikumtaka asome, zilimtaka akimbie. Kwa hiyo swali la kuuliza si “amecheza sehemu ngapi?” Uliza ni mara ngapi ulimwona akifanya uamuzi.

Pasi. Alama za katikati ya uwanja wa chuo, ambazo mpira huanzishwa juu yake au kati yake, zimeachana futi 40, za NFL futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwa kwenye alama chuoni, upande mmoja una futi 60 na mwingine 100. Makocha wengine huwapanga lainibeka kwa upande mpana na mwembamba, si kwa kushoto na kulia. Angalia mtu wako alisimama wapi: aliyefichwa upande mwembamba msimu wote hajawahi kuulizwa maswali magumu, na rekodi yake safi ya kukaba haina uzito. Tafuta hata mashambulizi kumi ambamo alikuwa peke yake na raningibeka (mkimbiaji) anayetoka nyuma. Zoni (kukaba eneo badala ya mtu) nazo zina kipimo chake: je, anahisi mpokeaji anayepita mgongoni, au anamkodolea macho kwotabeka?

Indianapolis, yadi 40 usizipuuze, ila zisome pamoja na zile yadi 10 za kwanza na mbio fupi za kugeuka, kwa sababu lainibeka ni nadra kukimbia yadi 40 kwa mstari ulionyooka bila tayari kuwa amekosea. Uzito wa paundi 225 hadi 240 ndio wa kawaida.

Kwenye mahojiano, mpe jina refu la mpango wa ulinzi, zungumzeni habari nyingine dakika 20, kisha mwambie auchore ubaoni. Mwenye redio kwenye kofia husikia kocha hadi saa ya shambulizi ibakize sekunde 15, kisha sauti inakatika. Washambuliaji wakibadili mpangilio baada ya hapo, ni yeye na kumbukumbu yake. Redio iliruhusiwa vyuo vya daraja la juu mwaka 2024, kwa hiyo kwa video za nyuma ya hapo tazama nani anawageuza wenzake kwa mikono kabla mpira haujaanza.

Na ukimpa alama ya raundi ya nne kushuka chini, rudia mechi zote uangalie mipira ya kuanzia na panti (mateke ya kuwarudishia wapinzani mpira). Huko ndiko atakakolia mkate wake miaka miwili ya kwanza, na kama chuoni hakuwahi kupangwa huko, iandike kwenye ripoti.