Mayai ya mfalme wa Urusi na bangili za mama

Nianze na basi, maana nisipolitoa hili rohoni sitafika hata huko Richmond kwenyewe. Tiketi tulikata wiki mbili kabla, mimi na shoga yangu mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee huku Maryland, tukachagua basi la saa 2 asubuhi kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko treni. Rahisi ni ghali, ndio nimejua. Saa 2 hakuna basi, saa 3 hakuna basi, meseji inaingia kwenye simu eti basi lako limechelewa kidogo. Kidogo! Limekuja saa 4 na robo, dereva anashuka anavuta sigara yake mpaka inaisha wala hana habari na mtu, halafu ndani sasa, AC utadhani wanasafirisha samaki. Mi nimevaa dera na mtandio maana nje ni joto la Juni, shoga akatoa khanga kwenye begi tukajifunika wawili kama watoto wenye homa, na mlango wa choo haufungi, kila basi likikanyaga breki unafunguka unajibamiza pwaa, harufu inakuja, mtu anainuka kuufunga, unafunguka tena. Kutoka Washington kwenda Richmond ni kama kilomita 170, haifiki Dar na Morogoro. Tumetumia saa 4 na nusu. Maeneo ya Fredericksburg foleni ilisimama kabisa, watu wakaanza kushuka kunyoosha miguu barabarani kama tuko Mbezi, na mimi nimekaa pale nalaani siku niliyomsikiliza huyu mwanamke na mayai yake.

Maana safari ilikuwa ya mayai. Shoga alikuwa ameona video kwamba kuna jumba la makumbusho, Virginia Museum of Fine Arts, lina mayai 5 ya dhahabu ya wafalme wa Urusi na kuingia kuyaona ni bure. Kwenye neno dhahabu mimi sihitaji kubembelezwa. Ni mtu wa Tanga, bibi mzaa mama ni wa Pemba, sisi dhahabu tumekua nayo masikioni na mikononi, na nikipita dukani kwa sonara lazima nisimame hata kama mfukoni nina nauli tu.

Kutoka stendi tukaita teksi ya kwenye simu, bei ilinifanya nimeze mate, ila dereva akatufuta machozi. Katusikia tunalalamika kwa Kiswahili, akageuka, "Ba dada, munatoka fasi gani?" Mkongomani wa Uvira! Basi safari yote ikawa vicheko, sisi hatuelewi nusu ya anayosema na yeye anasema sisi tunaongea kama redio. Akauliza huko mnakoenda mnalipa franga ngapi. Tukamwambia bure. Akauliza kuna nini. Tukamwambia mayai ya dhahabu. Akanyamaza kidogo halafu akasema wadogo zake wawili wanachimba dhahabu Kamituga, wanaingia kwenye shimo mutu na tochi yake, wanatoka na vumbi tu la kuweka kwenye karatasi. "Na hao batu banatengenezea mayai," akacheka peke yake. Alitushusha mlangoni kabisa, akakataa tipu.

Ndani sitaki kuwachosha. Jumba ni kubwa, safi, kuna vyumba na vyumba vya michoro tumevipita kama vile tunakimbizwa, mabegi tumeacha, na kidebe changu cha sambusa nacho kimebaki huko na njaa yangu. Tukafika kwenye chumba cha Warusi. Kiza kidogo, taa zinamulika vitu tu: vishikio vya miamvuli, fremu za picha, vijisanduku, sanamu za wanyama kama kidole gumba, na vyombo vya mezani vya fedha. Mi nikaenda moja kwa moja kwa yai la buluu.

Na hapo ndipo nilipojitia aibu. Kioo chenyewe kisafi kiasi kwamba sikukiona, nilikuwa nainama kuchungulia, nikajibamiza paji la uso ngo! Watu wote wakageuka. Pauda yangu ikabaki pale kwenye kioo duara zima, yaani hata nyusi zinaonekana. Mlinzi akaja, mzee mmoja mweusi mtaratibu, nikajua natolewa nje. Akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa, akasema kwa upole kuwa mimi si wa kwanza hata kwa siku hiyo. Shoga kakaa kwenye benchi anacheka machozi yanamtoka. Ila mlinzi hakuondoka, akaniuliza, unaona maungio? Nikatazama. Yai la jiwe la lapis lazuli, buluu ile nzito ya bahari ya kina, limezungushiwa nakshi za dhahabu, tai wa vichwa viwili, maua, malaika. Nikasema sioni. Akasema huyaoni kwa sababu nakshi ndiyo inayoyaficha, jiwe lenyewe ni vipande 6 vimeunganishwa, na kila palipoungwa pamepitishwa dhahabu juu yake. Ndani mwake kulikuwa na picha ya mtoto wa mfalme, Alexei, kwenye fremu ya tai iliyojazwa almasi, alipewa mama yake Pasaka ya 1912.

Jamani. Nilisimama pale sijui dakika ngapi, maana akili ilishatoka Richmond iko kwetu Tanga, Ngamiani, Barabara ya 8.

Mwaka 2009 ada yangu ya chuo ilikosekana. Mama alikuwa na bangili 6 alizoachiwa na bibi, bibi alizitengenezesha Pemba mwaka ambao karafuu zilikubali, zina maua ya yasmini yamechongwa kwa mkono kuzunguka kote, na kwenye kila ua kuna kitobo kama cha sindano. Tulienda wote kwa sonara. Hakuangalia maua. Kitu cha kwanza alichofanya, aliigeuza bangili taratibu mbele ya taa anatafuta pale ilipoungwa, akaliona, akaligonga na ukucha, "Mama, hapa pana lehemu, hii natoa." Akasugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, akaweka kwenye mizani ya kisanduku cha kioo. Mama akasema kwa sauti ndogo, lakini baba, angalia kazi iliyopo hapo, siku hizi hamna mtu anaweza kazi hii. Akajibu bila ubaya kabisa, "Nakshi siinunui mama yangu, mimi nanunua gramu." Zikaenda zote 6. Mama alibaki na kipini cha pua tu na ndicho alichonacho mpaka leo. Nilimwona akitoka pale anajishika shika mkono kama mtu aliyesahau saa.

Kwa hiyo mtu akiniambia yai limefichwa maungio yake yote, mi naelewa kuliko anavyodhani.

Nikamwita shoga tukaanza kuzunguka vizuri sasa, tukisoma kila kilichoandikwa. Sonara wao wa Urusi, Carl Fabergé, kampuni yake ilitengeneza mayai 50 kwa ajili ya familia ya kifalme, la kwanza 1885, mfalme Alexander III alimpa mkewe Maria kila Pasaka, alipokufa mwanae Nicholas II akaendelea, moja kwa mama moja kwa mke, akaacha 1904 na 1905 tu kwa sababu ya vita na Wajapani. Piga hesabu, mama peke yake alipata 30. Shoga akasema huyo mwanaume kweli, hawezi kumpa mke akamsahau mama. Mi nikasema hela ya nani lakini.

Lililotukalisha kimya ni lile la 1896, yai la jiwe jeupe kama kioo, unaona mpaka ndani, na ndani kumesimamishwa picha 12 ndogo zinazozunguka kama kurasa za kitabu. Juu kuna zumaridi moja kubwa ya Siberia, ukiibonyeza na kuizungusha inashuka inazikunja picha moja baada ya nyingine. Picha za nini? Za majumba. Alexandra, mke wa Nicholas II, alikuwa Mjerumani, bibi yake ni Malkia Victoria wa Uingereza, akaolewa Urusi mbali, basi mume akamtengenezea yai lenye nyumba za kwao, alikolelewa, alikocheza kwa bibi, na alikokuja kuolewa. Shoga aliguna. Akatoa simu akanionyesha picha aliyoweka kwenye skrini, nyumba yao ya Majengo, bati limeshika kutu, mwembe unaonekana nusu. Ana miaka 7 hajarudi, makaratasi bado. Tukasogea mbele.

Lile la 1898 wanaliita la Pelican kwa sababu juu kuna huyo ndege analisha makinda yake. Hili ni dhahabu tupu, nyekundu nyekundu, halina rangi nyingine karibu, na lenyewe linafunguka lote kuwa fremu 8 zinazosimama kama pazia la kukunja, zina picha za shule na nyumba za kulelea watoto zilizokuwa chini ya Maria. Picha zimechorwa juu ya pembe za ndovu. Miaka hiyo pembe nyingi za dunia zilikuwa zinapita Unguja, sisemi hizi ndizo, ila nimesoma shule karibu na watu ambao babu zao walizibeba begani kutoka Tabora mpaka pwani, na pale kwenye kibao imeandikwa tu pembe, kama vile inachumwa kwenye mti.

Sasa yalifikaje Virginia? Hapa ndipo nilipopapenda. Mapinduzi ya 1917 yakaja, mfalme na mkewe na watoto wakauawa 1918, mama yake akatoroka 1919 kwa meli ya kivita ya Waingereza, na kati ya mayai yake 30 alitoka na moja tu, la mwisho alilopewa. Serikali mpya ilitaka pesa za kigeni, ikaanza kuuza. Mfanyabiashara wa Kimarekani Armand Hammer akaleta mzigo, akauza madukani, yaani duka lile lile unalonunua shuka na vikombe. Na mnunuzi wa haya alikuwa mama mmoja, Lillian Thomas Pratt, mume wake mkubwa General Motors, akawa ananunua kidogo kidogo na kulipa kwa awamu. Kwa awamu! Kama sisi na madera, unachukua leo unalipa mwisho wa mwezi, muuzaji anakupigia ukizima simu anakufuata. Alipokufa 1947 akaliachia jumba hili. Na unajua alikuwa anaishi wapi? Fredericksburg, ng'ambo ya mto. Pale pale foleni iliponikalisha nikilaani.

Mlinzi alipoona tumekolea akatupa hadithi nyingine na hii niliihakikisha baadaye kwenye simu, ni kweli. Kuna yai moja la 1887 lilikuwa limepotea miaka na miaka. Mnunuzi wa vyuma chakavu huku huku Marekani alilinunua kwenye soko la vikorokoro kwa kama dola 14,000, akakusudia aliuze likayeyushwe apate faida kidogo. Akazunguka nalo, wanunuzi wote wakampimia, wakamwambia umelipa zaidi ya uzito wake, hatutaki. Likakaa jikoni kwake. Siku moja akaandika kwenye Google neno yai na jina la kampuni ya saa iliyokuwa ndani yake, Vacheron Constantin, ndio akajua ana nini. Mwaka 2014 dunia ikaliona, na magazeti yakakadiria dola milioni 33.

Kilicholiponya lile yai ni kwamba jamaa alipigwa bei. Angelipata kwa bei ya gramu lingekuwa hereni za watu sasa hivi. Za bibi yangu zilipimwa sawasawa, ndio maana sijui leo ziko shingoni kwa nani.

Tulitoka saa 11 na nusu, tumekula mkahawa wa jirani, sandwichi mbili na chai mbili bei yake nisiitaje mama atasoma, na sambusa zangu zikaliwa stendi zikiwa zimelainika. Basi la kurudi likachelewa dakika 50, tukasema leo wametuhurumia. Hapo ndipo nilipomtumia mama picha zote kwa WhatsApp, nikasahau kwao ni usiku wa manane. Ila mama halali, anasubiri. Ikarudi sauti yake.

"Hayo ya rangi rangi mazuri. Lakini hilo jekundu hilo, hilo lina shaba mwanangu, walikupunja."

Nikamjibu mama, hiyo ni ya mfalme wa Urusi, wamechanganya kwa makusudi, ndio rangi wanayoitaka.

"Haya," akasema. "Na gramu ngapi?"

Nikamwambia hawajaandika. Akacheka sana, nikasikia na feni ya kwetu ile inayogonga, kisha akaniuliza kama nimekula.