Lifti ya nguzo mbili nyumbani: anza na sakafu

Kabla ya kuulizia bei, chukua chaki na futi uingie gereji. Lifti ya kuinulia magari ya tani 4 ina upana wa karibu mita 3.4 kutoka nje ya nguzo moja hadi nje ya nyingine. Ongeza sentimita 60 kila upande ili mtu apite na spana mkononi, na tayari umefika mita 4.6. Chumba cha mita 3 kilichojengewa gari moja hakitoshi, hata muuzaji akiapa kwamba kitatosha.

Juu, hesabu ni kimo cha gari jumlisha mita 1.8 za kusimama chini yake. Probox ina mita 1.5, kwa hiyo 3.3. Matatu ya Hiace yenye paa lililoinuliwa inakaribia mita 2.3, nayo inataka 4.1. Pima hadi chini ya boriti, usipime hadi kwenye mabati. Paa likiwa fupi, nunua aina yenye kebo zinazopita kwenye bamba la sakafuni badala ya ile yenye daraja juu. Utalikanyaga hilo bamba kila siku, lakini paa litabaki zima.

Sasa nguzo zisimame wapi? Wengi hugawa urefu wa chumba kwa mbili, na hapo ndipo wanapokosea. Gari lenye injini mbele na linalovutwa na magurudumu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito mbele. Kwa Probox, yenye urefu wa mita 4.2, kitovu cha uzito kiko karibu mita 1.8 kutoka bampa la mbele. Acha sentimita 90 kati ya bampa na ukuta, na mstari wa nguzo unaangukia mita 2.7 kutoka ukutani. Hiyo ni kwa lifti ambayo mikono yake minne inayobeba gari inalingana. Kama mikono ya mbele ni mifupi na nguzo zimegeuzwa kidogo, gari linasogea nyuma na mlango unafunguka bila kugonga nguzo. Kwa gari dogo hiyo ni nafuu. Kwa pikapu ndefu na Hiace, mikono inayolingana ni bora. Chora mstari wa katikati, kisha hakikisha pembe mraba kwa tatu-nne-tano: mita 3 upande mmoja, 4 mwingine, na mshazari utoke 5. Ingiza gari lenyewe juu ya chaki, fungua milango yote, ndipo uamue.

Kuhusu sakafu, usimwamini mtu anayekuambia “ni nene”. Toboa tundu dogo pembeni, ingiza waya uliopinda ncha, uunase chini ya zege kisha upime. Nyumba nyingi zina sentimita 10, na bolti ya milimita 18 inaingia zegeni karibu sentimita 12. Itatoboa hadi kwenye maramu.

Kata sakafu na umwage upya ukanda mmoja unaobeba nguzo zote mbili: mita 4.2 kwa 1.5, unene sentimita 20. Vitalu viwili vilivyoachana ni hatari, kwa sababu kimoja kikititia, nguzo zinaachana vichwa. Kuelekea Ahero na Tambarare ya Kano, udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi. Uchimbe utoke, ujaze mawe, ushindilie maramu kwa tabaka. Nakuru shida ni nyingine: udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi na maji huuchota chini kwa chini, kwa hiyo peleka maji ya paa mbali na gereji.

Ukanda huo ni mita za ujazo 1.26. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 10 hadi 11 ya saruji ya daraja la 42.5. Wavu wa chuma wa BRC ukae juu ya vibao vidogo vya zege, usilale kwenye polithini iliyotandikwa chini. Mwaga ukiwa sawa kabisa kwa pimamaji. Sakafu ya gereji kwa kawaida huteremka ili maji yatoke, na mteremko wa 1 kwa 100 tu unakupa tofauti ya sentimita 3 kati ya nguzo. Vipande vya chuma vya kusawazishia havifai kuzidi milimita 12 hivi. Funika kwa magunia, mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha subiri zitimie 28. Jua la Kisumu hukausha uso upesi, likakudanganya.

Toboa ukitumia bamba la nguzo kama kielelezo, kwa biti ya kipenyo kilekile cha bolti. Vumbi litoe lote kwa brashi na upepo. Likibaki, pete ya bolti inayopanuka ndani ya tundu haishiki na bolti inazunguka tu. Simamisha kwa timazi pande mbili, weka vipande vya chuma, kaza kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu cha lifti yako. Nyingi zinataka karibu Nm 150. Bolti ikizidi kupanda kabla ya kufika hapo, zege ni dhaifu. Usiongeze nguvu. Kaza tena baada ya wiki moja ya kazi.

Mota ya kilowati 2.2 inavuta karibu ampea 15, na inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye boksi kuu, breka yake peke yake. Ukitumia ekstensheni nyembamba, mota itanguruma bila kuzunguka hadi kapasita iungue.

Pandisha na kushusha lifti tupu mara kadhaa kutoa hewa kwenye mafuta yake. Sikiliza kufuli za usalama ndani ya nguzo: pande zote mbili zigonge pamoja. Upande mmoja ukichelewa, rekebisha kebo za kusawazisha. Kisha gari: sentimita 30 tu, lisukume kwa nguvu, angalia bolti. Likitulia, pandisha, na ulishushe likae juu ya kufuli kabla ya mtu yeyote kuingia chini.