Tochi ya shilingi 250,000: nilivyoipima kabla ya kulipa

Kazi yangu ni kutibu mifugo, na wateja wangu wengi ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Rungwe, kuanzia Kyimo hadi Isongole. Ng'ombe hachagui saa ya kuzaa. Simu ikiita saa nane usiku naacha pikipiki barabarani, nashuka kwa miguu kati ya migomba, tope hadi kwenye vifundo na mvua juu. Tochi kwangu ni kifaa cha kazi sawa na bomba la sindano. Ndiyo maana niliposikia kuna tochi ya mkononi ya shilingi 250,000 sikuipuuza, ila pesa hiyo ni nyingi na sikutaka kuitoa kwa maneno ya muuzaji peke yake.

Muuzaji mwenyewe tunafahamiana, yuko soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, anaagizia walinzi vifaa. "Daktari, hii hutanirudishia," aliniambia. Nikamjibu, "Basi kaka, niachie nikafanye nayo kazi kwanza. Nakuwekea nusu ya pesa, isiponifaa naileta na boksi lake." Akakubali. Kwa kitu cha bei hiyo, muuzaji asiyekubali ujaribu hanipati mimi.

Nikaanza na boksi. Namba inayoandikwa kubwa kuliko zote huwa ni ya lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka. Hii iliandikwa 1,700. Lakini pale pale sokoni kuna tochi za shilingi 12,000 zilizoandikwa lumeni 100,000, kwa hiyo lumeni bila kujua zimepimwaje hazikusaidii kitu. Nilichotafuta ni alama ya ANSI FL1, kiwango cha Marekani kilichotoka mwaka 2009, ambacho kinawataka watengenezaji wanaokifuata wapime kwa njia moja. Chini ya kiwango hicho, lumeni hazisomwi mara tochi inapowashwa, bali baada ya kuwaka angalau sekunde 30. Umbali nao una hesabu yake: unachukua kandela, ambayo ni ukali wa mwanga pale katikati, unatafuta kipeo chake cha pili, unazidisha kwa 2. Tochi yenye kandela 22,500 inafika mita 300. Ila ujue kwamba mwishoni mwa mita hizo 300 unabaki na mwanga wa 0.25 lux, kiasi cha mbalamwezi mpevu. Ukitaka kumtambua ng'ombe aliyekata kamba, hesabu nusu ya umbali huo, maana hapo mwanga ni mara nne.

Jambo jingine ambalo boksi halilitangazi: saa za kuwaka zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. "Saa 3" inaweza kuwa dakika chache za mwanga mkali na muda uliobaki ni wa mwanga mdogo. Hili ilibidi nilione mwenyewe.

Nilijifungia stoo isiyo na dirisha, nikasimamisha tochi juu ya meza ikitazama dari, pembeni nikalaza simu yenye programu ya kupima mwanga. Namba inayotoa simu usiichukue kama kipimo kamili. Kazi yake ni kulinganisha. Kwenye mwanga wa juu kabisa, tochi ya bei ilipata joto mkononi baada ya dakika chache, ikajipunguza hadi chini ya nusu, kisha ikatulia hapo. Nilipoirudia nje usiku wa Juni, baridi na upepo vikiipoza, ilichelewa kujipunguza. Kwenye mwanga wa kati, ambao ndio ninaofanyia kazi, namba ya simu ilikaa pale pale saa baada ya saa mpaka betri ilipokaribia kwisha. Tochi ya sokoni, kila nilipoitazama, namba ilikuwa imeshuka. Kilichofanya tofauti ni saketi ya ndani. Betri ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2 na inashuka kuelekea 3 kadiri inavyotumika. Saketi nzuri inaushikilia mwanga usifuate mteremko huo. Kwa mtu mwenye mkono ndani ya ng'ombe anayegeuza ndama, mwanga usiofifia una thamani yake.

Lakini kilichonishawishi zaidi ni rangi. Nikifika kwa mgonjwa naanza na fizi na ukope wa ndani: kama vimepauka, kama vina unjano, kama mkojo umeingia wekundu. Ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, naitilia shaka kwa kupauka na unjano, na dalili hizo ni za rangi tupu. Usiku mmoja kwa Mama Atu, Kyimo, nilimwomba kijana wake amulike fizi za ng'ombe kwanza kwa tochi ya sokoni, yenye mwanga wa buluu-buluu. Zilionekana za kijivu, za kawaida kwa tochi ile. Akawasha hii nyingine, na unjano ukajitokeza wazi kwenye ukingo wa fizi, hata mama mwenyewe akauona: "Ee, kumbe amebadilika hivi!" Kwenye boksi kipimo hiki kinaandikwa CRI, na kikiwa 90 au zaidi rangi zinakaribia zile za mchana. Watengenezaji wengi hawakipi kipaumbele kwa sababu taa ya namna hiyo inatoa lumeni pungufu kidogo, na lumeni ndizo zinazouza. Mimi lumeni mia mbili nazitoa bila kusita ili nione fizi.

Kwenye ukungu, bei haisaidii. Ukipita Uporoto alfajiri na ukawasha mwanga wa juu usawa wa uso, unamulika ukuta mweupe. Punguza mwanga, shusha tochi kiunoni, utaiona njia. Tochi ya shilingi 12,000 ikishikwa hivyo inafanya vilevile.

Kipande kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni sumaku ya kitakoni. Ng'ombe akianguka kwa homa ya maziwa nahitaji mikono miwili kwenye mshipa wa shingo kuweka dripu ya kalsiamu. Naibandika tochi kwenye bati la banda, inamulika chini, nafanya kazi. Hata hivyo kwa shughuli hiyo tochi ya kichwani ni bora zaidi na ni rahisi, nami ninayo pia.

Betri niliichunguza kabla ya kumalizia malipo. Kuna tochi ghali zaidi yenye betri isiyotoka. Hiyo niliikataa, kwa kuwa betri ikichoka tochi nzima inakufa nayo. Hii inatumia betri ya aina ya 21700, yaani upana milimita 21 na urefu 70. Ukitafuta ya akiba kuwa macho: aina ndogo yake, 18650, haizidi sana mAh 3,500 (kiasi cha chaji inachobeba), lakini madukani zimejaa zilizoandikwa 9,900. Moja niliipima kwenye mizani ya dawa ikawa nyepesi mno, wakati halisi inacheza kwenye gramu 45 hivi.

Sasa kuhusu thamani. Kwa 250,000 unanunua tochi 20 za sokoni na chenji inabaki, kwa hiyo anayesema itajilipa kwa kudumu anajidanganya. Kama unatoka nyumbani kwenda jikoni au chooni, usinunue. Mwenzangu wa Tukuyu ana ya shilingi 80,000 yenye saketi nzuri, na kwenye mwanga wa kati dari ya stoo haikutofautisha hizi mbili. Yake ilishindwa kwenye rangi, na ina IPX4, kinga ya maji ya kurushiwa tu, wakati hii ina IPX8 na naiosha damu na kinyesi kwenye ndoo bila wasiwasi. Kama kazi yake isingekuwa ya kusoma fizi usiku, ningemwambia abaki na hiyo ya 80,000. Yangu nilimalizia kuilipa, na betri ya akiba nimeagiza Dar es Salaam, inakuja na basi.